Oti Zangu Hazingoji Jumapili

Jumamosi, mwezi wa kwanza. Leo hapa Kibugu jua limewaka vizuri na mlima uko wazi tangu asubuhi.

Naandika kwa simu na kidole kimoja, shule niliacha mapema. Lakini kwa oti, ile nafaka ya uji ninayoikausha iwe chakula cha ng'ombe, hakuna mtu hapa ananiweza. Zangu mwaka huu zimenifikia kifuani, na mimi si mfupi.

Mwaka jana nilipanda ile aina ya kukomaa haraka. Shemeji yangu wa Muthara aliisifu sana. Kwao jua ni la bure! Hapa kwetu ilikomaa katikati ya ukungu wa mwezi wa saba. Nikakata nikaanika, ikaozea pale pale chini. Ng'ombe wangu Karimi akakonda, mbavu nje.

Nikikosa nyasi kavu tena, lazima nimuuze.

Kwa hivyo nikatafuta aina inayochelewa, yenye majani mapana, nikapanda mvua ya mwezi wa kumi ikianza, ndio ikutane na jua hili. Jirani yangu Ireri alicheka mpaka akashika ua wa shamba asianguke. "Mzee, siku hizi ng'ombe wako anakunywa uji?"

Sasa hacheki.

Shida ni kwamba shamba liko kando ya njia ya kanisa. Nilitaka kesho watu wapite wazione zimesimama. Siku moja tu, nani atakufa?

Asubuhi mke wangu, Mama Njeru, akaminya punje ya oti, ikatoa maji meupe kama maziwa. Akaniambia, "Baba Njeru, kata leo. Hiyo punje ikikauka unabaki na vijiti. Ama Karimi atakula sifa zako?"

 

Nikaenda upande wa juu, penye jua hupiga kwanza, nikaminya yangu. Ilikuwa imeanza kukauka, ndani ni unga.

Nikachukua mundu. Nimekata mpaka mgongo ukakataa, nikaendelea. Saa nane Ireri akaruka ua na mundu wake, bila kuitwa, tukamaliza pamoja. Zimelala chini, nimezitandaza nyembamba. Kesho nitazigeuza umande ukiisha, hata nikifika kanisani wakiimba wimbo wa mwisho.

Karimi hauzwi.

Nimeacha mstari mmoja umesimama, ule wa kando ya njia. Mama Njeru ameuliza ni wa nini. Nimemwambia ni wa mbegu, na ni wa mbegu kweli. Sasa watu wa kanisa wakisimama hapo kuutazama, mimi nitawafukuza?