Jina Lililojenga Mnara

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Swali ni lilelile ninalotembea nalo tangu nikiwa mwanafunzi: jengo ni la nani? La aliyeamuru lijengwe, la aliyelichora, au la aliyekanda udongo wake kwa miguu? Nimelifundisha chuoni miaka kumi na sita. Nimeliandikia makala mbili. Sijalijibu. Sasa wilaya inanitaka nilijibu kwa maneno arobaini, maana ndiyo yanayotosha kwenye jiwe la kumbukumbu.

Nilifika nyumbani Ihembe jana. Leo nimekwenda mjini kuuona Mnara wa Serikali. Ghorofa sita. Ulianza kujengwa 1974, kazi ikasimama wakati wa vita vya 1978, ukamaliziwa baadaye kwa haraka — na haraka hiyo inaonekana. Ghorofa tatu za chini ni za matofali ya kuchoma, mekundu, kuta nene zinazotunza ubaridi hata saa nane mchana. Tatu za juu ni za bloku za saruji, nyembamba, kijivu. Kama watu wawili wasiojuana, mmoja amepandishwa mabegani mwa mwenzake.

Nolasco, ofisa utamaduni, amenizungusha. Ukarabati unakwisha, jiwe litazinduliwa tarehe ishirini. "Mwalimu, andika vizuri, lakini usiandike sana. Jiwe lenyewe dogo!" Akacheka peke yake. Akanionyesha sentensi ambayo ofisi ingeipenda: *Mnara huu ulijengwa kwa nguvu za wananchi.* Ni sentensi safi. Kwa nini basi imenikaa vibaya? Labda kwa sababu ndani yake hakuna mtu hata mmoja.

Mvua za kwanza jioni. Ukungu umeufunika mji wote.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepata mtu!

Stoo ya ghorofa ya pili, chini ya mafaili yaliyoliwa na mchwa: daftari la mahudhurio ya vibarua wa matofali, mwaka 1975. Kwenye ukurasa wa tatu, kwa mwandiko mzuri wa karani: *Mutalemwa, Ihembe. Matofali.* Alama za kuhudhuria kuanzia Februari hadi Desemba. Hakukosa hata wiki moja.

Mutalemwa ni babu yangu, baba wa baba. Alifariki nikiwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokuwa akiunyooshea Mnara mkongojo siku zisizo na ukungu: "Ule ni wangu." Sebuleni, juu ya redio, ipo hati yake ya pongezi kwenye fremu. Baba huifuta vumbi kila Jumamosi kabla ya kufuta picha ya harusi yake.

Nimempigia Nolasco simu. Amefurahi kuliko mimi. Siku ya uzinduzi, saa tisa, majina ya wajenzi wa kwanza yataitwa kwa kipaza sauti na familia zitasimama. Baba aliposikia, aliniuliza kama koti lake la kustaafia bado linafaa. Baba, Mwalimu Byarugaba, ambaye hajawahi kuniuliza mimi habari za nguo!

Nilipaswa kulala na furaha. Kuna jambo dogo linanisumbua: babu alikuwa kiwete. Kibarua kiwete hakosi hata wiki moja?

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada nimekwenda kwa Shangazi Agnetha, dada mkubwa wa baba. Nimemkuta anamenya ndizi. Nikauliza kama kwa mchezo: babu aliumia mguu lini?

"Waitu! Mwaka uleule wa matofali. Alianguka kutoka juu ya paa la kanisa, paja likavunjika. Mwaka mzima kitandani, Koku. Nani alikuwa akimwaga chungu chake cha mkojo? Baba yako? Baba yako alikuwa chuo cha ualimu anajifunza kuvaa tai."

Nikamwambia kuhusu daftari. Hakushtuka. Akaendelea kumenya.

Aliyekwenda, anasema, ni Niyitegeka, kijana wa Kimuli aliyekuwa akikaa na kulima kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba. Wakati ule mtu aliyekaa kwa mtu aliandikwa kwa jina la mwenyeji wake. Karani hakuuliza wewe ni nani, aliuliza, "Wewe wa kwa nani?" Akajibu, "Wa kwa Mutalemwa." Basi karani akaandika Mutalemwa.

"Na hati ya pongezi?"

"Ililetwa kwa jina. Jina lilikuwa limelala ndani, mguu juu ya mto. Likaipokea."

Kisha kisu kikasimama. Akaniambia nisiyaandike. Baba yangu asije akajua kwamba yametoka kinywani mwake.

Nimeyaandika hapa. Hapa si jiwe.

Jumanne, 10 Septemba

Kimuli. Pikipiki, matope, mwendo wa saa mbili na nusu.

Mzee Niyitegeka yu hai. Ana miaka sitini na tisa, mwembamba, mgongo umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Nimemwamkia shikamoo, ameitikia, kisha ametaka kujua mimi ni wa kwa nani. Swali lilelile la karani! Nilipomtaja babu, alivua kofia.

Kahawa ilikuwa imeanikwa uani. Binti yake, Mukashema, hakuacha kuigeuza kwa mguu wakati tukizungumza. Nikaeleza habari za jiwe.

"Nyinyi mna jiwe," akasema bila kuniangalia, "sisi tuna barua."

Akaileta, ndani ya mfuko wa nailoni. Barua inasema baba yake anadhaniwa kuingia nchini mwaka 1994 pamoja na wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, na kwamba afike tarehe 20 Septemba, na ushahidi, mbele ya ofisa wa uhamiaji anayehudumia wilaya yao na yetu. Ofisi: Mnara wa Serikali, ghorofa ya chini. Asipoonyesha alikuwa wapi kabla ya mwaka huo, ataorodheshwa miongoni mwa wasio raia, na kibanja hiki hakitakuwa na mwenyewe.

Mzee anasema alizaliwa hapahapa, 1955. Wazazi wake walivuka mpaka kuja kulima kahawa kabla ya uhuru. Waliomshuhudia akizaliwa wamekufa. Cheti hakuna, nani alikuwa na cheti?

Nikamuuliza kuhusu matofali. Uso wake ukabadilika — sijui niseme ulifunguka au uliogopa. Kila kibarua, akasema, alitia alama kwenye tofali bichi ili nyapara ajue ni la nani. Yake ilikuwa mistari miwili ya vidole na gumba chini yake. Asubuhi nyapara aliita majina. "Akiita Mutalemwa, nasimama, naitika naam. Karibu mwaka mzima, mwanangu. Mpaka leo nikisikia jina hilo sokoni, nageuka."

Nikamwambia ushahidi wake upo. Nilikuwa karibu kucheka kwa furaha, mjinga mimi. Yeye akatikisa kichwa.

"Ushahidi kwamba nilikuwepo, au kwamba nilidanganya jina? Yule ofisa atasema: aliyekuwa Mutalemwa jana anashindwaje kuwa Niyitegeka leo?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Msomi mzima. Wakati wa kuondoka nilimweleza Mukashema mpango wa siku ile: saa tisa, kipaza sauti, jina la babu litaitwa. Nilitaka wasilisikie kwa mshtuko. Akageuza kahawa. "Tutakuwa hapohapo benchini," akasema, "tukingoja kuambiwa sisi ni nani."

Jumatano, 11 Septemba

Ngazi ya nje, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mafundi wamebandua lipu iliyooza na hawajapiga mpya. Nimepita na tochi. Mistari miwili na gumba — nimehesabu matofali thelathini na moja. Juu ya ghorofa ya tatu, hakuna alama tena. Ni saruji tupu.

Nimepiga picha. Baadaye nikajiuliza: ningeziona alama hizi kama nisingeambiwa? Udongo hushika vidole vya kila mtu. Mistari miwili si sahihi ya mtu. Mwanafunzi wangu angeniletea hoja hii ningemrudishia karatasi.

Lipu mpya inapigwa Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, kesho yake ya uzinduzi. Baada ya hapo, hakuna atakayeona kitu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwambia Baba. Sikumtaja Shangazi, nilitaja daftari, paja, alama.

Alikuwa ameshika fremu na kitambaa. Hakuinua sauti. Ingekuwa nafuu angeinua.

"Kwa hiyo babu yako mwizi."

Nikasema sikusema hivyo. Ulikuwa utaratibu wa wakati ule, na huenda babu alimsaidia kijana kupata kazi.

"Aliyesema 'Ule ni wangu' miaka ishirini, akijua si wake, utamwitaje kwa Kiswahili chako cha chuo?"

Kweli, angeitwaje? Nimetafuta neno tangu mchana. Huenda babu aliamini. Huenda mtu akilazwa mwaka mzima, huku jina lake likienda kazini kila asubuhi, mwishowe anaona amekwenda nalo.

Nikamweleza kuhusu barua ya Mzee Niyitegeka. Baba anamkumbuka, walikuwa wakicheza mpira pamoja wakati wa likizo. Akafuta kioo cha fremu mara ya pili. Kisha: "Andika 'wananchi'. Hutamgusa yeyote."

Nikamjibu kwamba ndilo neno hasa wanalotaka kumnyang'anya yule mzee.

"Sasa unataka nikamwombe nani msamaha, ukuta?"

Akaitundika fremu. Imekaa upande. Hakuiweka sawa.

Jumatatu, 16 Septemba

Maneno ya jiwe nimeyapeleka. Nimeandika "wananchi". Nimejitetea kwamba ni neno pana, linamkumbatia naye. Sijiamini. Mvua.

Ijumaa, 20 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, chini kidogo ya ghorofa ya tatu. Nina nusu saa. Niyapange kama yalivyotokea, kabla sijaanza kuyaboresha.

Maturubai uani. Baba mstari wa mbele, ndani ya koti. Shangazi Agnetha nyuma yake, amejifunika kitenge hadi kidevuni. Barazani, kwenye benchi la ofisi, Mzee Niyitegeka na Mukashema, tangu saa mbili asubuhi. Ofisa alikuwa hajawaita. Jiwe likafunuliwa. Watu wakapiga makofi. Nolasco akaanza kuita majina, moja moja, na familia zikasimama.

"Mutalemwa!"

Baba akasimama.

"Naam!"

Sauti ilitoka barazani. Mzee Niyitegeka alikuwa wima, kofia mkononi, mgongo umenyooka namna ambayo sikudhani bado unaweza kunyooka. Watu wakaangua kicheko. Mtu akapaza sauti, "Marehemu kafufuka!" Mwingine: "Mzee, keti, hujaitwa kwenye pilau bado!" Nolasco, kwenye kipaza sauti, akasema kwa upole kwamba hapa unaitwa ukoo. Mzee hakuketi. Baba naye hakuketi. Wamesimama wawili kwa jina moja, mita thelathini kati yao, na kicheko kikaisha chenyewe.

Ofisa alikuwa ametoka mlangoni. Akamuuliza mzee jina lake. Mzee akamgeukia Baba. Mukashema akanyoosha kidole — kwangu. "Muulizeni huyo. Yeye ndiye mwenye historia."

Ofisa si mtu mkatili. Ningependa iwe hivyo, ingekuwa rahisi. Akanipa karatasi moja nyeupe. "Mwalimu, huyu ni nani, na unajuaje? Andika, weka sahihi. Nafunga saa kumi na nusu."

Ninajua nini? Daftari lina jina, halina uso. Alama zina vidole, hazina jina. Shangazi anajua, nilipomtazama, aliinamia viatu vyake. Na ile "naam" — kwa sekunde moja niliamini nimeona uthibitisho ambao hakuna stoo ingeweza kunipa. Mwili wake ulikumbuka, nilijiambia. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwaambia jina hilo litaitwa, na saa ngapi. Je, aliitika kwa mazoea, au kwa shauri la binti yake? Sitajua. Na hata kama ni shauri, je, mtu aliyelazimika kuigiza naam leo hakuisema kwa kweli mwaka 1975? Yote mawili yanawezekana.

Nikisema ndiye, namwondolea babu kitu pekee alichotuachia, na huenda namkabidhi ofisa "jina la uongo" analolitafuta. Nikisema sina hakika — ambayo ndiyo kweli ya taaluma yangu — lipu itapigwa kesho na mzee ataorodheshwa miongoni mwa wasio raia. Maisha yangu yote nimeita kusitasita kwangu uaminifu. Leo nimeiona gharama yake, na si mimi ninayeilipa.

Kwenye karatasi nimeandika mstari mmoja tu: *Mimi, Kokuhirwa, mjukuu wa Mutalemwa.* Nimekwama hapo. Kila neno litakalofuata litapimwa kwa mstari huo. Ningekuwa ofisa, nami ningelipima hivyo. Ndiyo sababu swali langu la zamani halijajibika: nililiuliza miaka yote kama mtu wa nje, kumbe nilikuwa ndani ya ukuta.

Viatu kwenye ngazi. Ni Baba. Hakuniuliza nimeandika nini. Ameomba tochi, nimempa. Sasa anapita ukutani polepole, tofali kwa tofali, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari ya darasa la tano. Amefika kwenye alama. Ameweka gumba lake juu ya mojawapo, na hajaliondoa.

Saa kumi na robo. Chini, ofisa anaita jina, na kwa sauti ya upepo huu sisikii ni lipi kati ya yale mawili.