Papa Kingombe, kengele imepatikana

Papa Kingombe,

Barua zote huanza kwa kuuliza afya. Yako sitaiuliza, kwa hiyo tuanze na ya wanyama. Paka wa masista amezaa tena, watoto watano, na masista wanasema hawajui baba ni nani. Kasuku wa yule mwalimu wa hesabu ameacha kujing'oa manyoya kifuani tangu wamhamishe mbali na redio. Frigo yetu ya kutunzia chanjo inafanya kazi jua likiwapo. Lisipokuwapo inakaa ofisini tu na mlango umefungwa. Chanjo naziweka na barafu ndani ya termosi yako ya chai, kama ulivyonionyesha. Chai yenyewe siku hizi nakunywa ya baridi.

Ni mimi, Mwamini. Mwamini wa mbuzi. Yule aliyekuja kwako mjini Kasongo na mbuzi wa kuharisha. Mbuzi akapona akarudi nyumbani, mwenyewe akabaki miaka saba. Cheti sina mpaka leo. Nilijifunza kwa kutazama mikono yako ya daktari wa wanyama, na jioni nikasoma makaratasi ya ndani ya maboksi ya dawa, Kifaransa chake kigumu kuliko cha padri.

Nakuandikia kwa sababu nimemaliza kazi moja na sina mwingine wa kumpa ripoti. Ni kazi ya kisasi. Najua neno hilo hulipendi. Vumilia, safari hii huwezi kunikatiza.

Unakumbuka karatasi za chanjo? Nusu zililiwa na mchwa, nusu watu walisokotea tumbaku. Ukajaribu vibati vya shingoni; watoto wa kijiji cha Wamaza wakavigeuza magurudumu ya magari yao ya miti. Ndipo siku moja ukakaa ukitazama kengele. Mbwa wa kuwinda wa kwetu hawabweki, wanavalishwa kengele ya mti ili mwenyewe ajue wako wapi msituni, na hakuna anayetupa kengele, maana kila moja ina sauti yake, na mwenyewe anaijua kama mwanamke anavyojua kikohozi cha mume wake. Ukatia msumari motoni. Kila mwaka, mbwa akishadungwa, unachoma alama moja nyeusi juu ya mti wa kengele yake. "Karte ya chanjo isiyolika," ulisema, ukajivuna siku nzima. Mimi pia nilijivuna. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba kengele inavuliwa.

Mulonda alifikiri.

Mulonda wa Wamaza, mwindaji, kofia ya ngozi ya kima, sauti ya mtu anayeongea na watu wa ng'ambo ya mto hata ukikaa naye benchi moja. Kila tulipokwenda kwao na sindano, mbwa wake walikuwa msituni. "Sindano inaua pua ya mbwa," alikuwa anawaambia watu. "Mbwa ya kudungwa inanusa dawa tu, hainusi nyama."

Kwa hiyo siku ile alipofika kwetu na pikipiki, mbwa wake mwekundu amefungwa ndani ya kikapu nyuma, tulishangaa. Mbwa anatoa mate. Taya limelegea. Hamezi. "Dokta, mufupa umemukwama. Nisaidie, hii ndiyo mbwa yangu ya kazi." Ulirudi nyuma hatua moja. Niliiona hatua ile, Papa. Nimeirudia kichwani mara nyingi, na kila mara nakuongezea ya pili na ya tatu mpaka utoke nje kabisa. Lakini ulisimama, ukaigeuza kengele shingoni, ukahesabu: moja, mbili, tatu.

"Walimudunga wakati gani?" ukauliza.

"Miye nilikuwa musituni, muke wangu alimuleta kwenu kila mwaka," akajibu, bila kupepesa jicho.

Ukatabasamu. Ukaingiza mkono.

Mfupa haukuwapo. Jino lilikukwaruza kwenye kiungo cha kidole, kidogo tu, kama mwiba. Nikaleta sabuni. "Acha, Mwamini. Huyu anazo tatu." Ukapangusa mkono kwenye suruali. Kwa suruali ile nakukasirikia mpaka leo. Wewe! Wewe uliyekuwa unawafundisha wamama sokoni: maji na sabuni, robo saa nzima, halafu mbio hospitali, hata kama mbwa ni wa askofu!

Mulonda alirudi na mbwa wake. Siku chache baadaye akatuma habari kwamba chui amemla msituni. Ulisikitika. "Maskini, alikuwa mbwa muzuri," ulisema. Ulimlilia mbwa aliyekwisha kukuua.

Wiki ya sita nilikuletea maji kwenye kikombe chako cha bluu. Koo lako liliruka kabla hakijafika mdomoni. Ulikitazama kikombe, ukanitazama mimi, ukajua kabla yangu. "Toka, Mwamini. Na mate yangu usiyaguse."

Nilitoka. Mtu aliyedunga mbwa wa nusu ya vijiji vya teritwari akafa ugonjwa wa mbwa, tena akafa na kiu, na maji yapo. Hapo sitaandika zaidi.

Nitaandika ya matanga. Mulonda alikuja. Alikula wali sahani mbili, akapangusa mdomo, akasema kwa sauti yake ya ng'ambo: "Mutu mwenye kuchanja mbwa anakufa na kichaa ya mbwa? Hapana. Mutu hafi vile bure. Tafuteni mule mule ndani ya nyumba." Akamtazama Mama Zuhura. Mke wako, Papa, aliyekaa siku nne mlangoni mwa chumba chako akikuimbia kutoka nje kwa sababu ulimkataza kuingia. Na ndugu zako, ambao hawajawahi kukuletea hata kuku mwenye mafua, wakalishika neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu ndani ya neno hilo mlikuwa na nyumba yenye bati jipya. Wakampa Mama Zuhura mpaka mvua iishe awe amehama. Sokoni wanawake wakaanza kuzunguka meza yake kwa mbali, kama yenye siafu. Mawese yake yakabaki kwenye bidoni zake za plastiki.

Uliniambia wakati fulani kwamba kazi yetu nusu ni kutazama mnyama asiyesema. Nikamtazama Mulonda.

Mvua ilikuwa inakaribia kuisha alipokuja Kasongo kuuza nyama ya kukausha. Miguuni pake alikuwa na kitoto cha mbwa cha miezi minne, meno ya maziwa, na shingoni kengele kubwa karibu sawa na kichwa. Nikachuchumaa kukikuna masikio. Moja. Mbili. Tatu.

Alama tatu, Papa! Miaka mitatu ya chanjo kwa mtoto wa miezi minne. Huyo alianza kudungwa bibi yake akiwa bado mchumba.

Uso niliushika. Nikakisifu kitoto, kisha nikamsifu mwenyewe, maana huyo bwana anasogelea sifa kama mbuzi anavyosogelea chumvi. "Muzee Mulonda," nikamwambia, "siku ya chanjo kule Wamaza chifu mwenyewe atakuwapo. Tunatafuta mbwa moja ya mufano ya kuonyesha watu. Niachie kengele niipake mafuta, ing'ae, nikuje kumuvalisha mbele ya wote."

Sifa zikamlevya, akaivua mwenyewe. Akanipa kwa mikono miwili.

Ilikaa wiki mbili kwenye rafu yako, karibu na termosi. Wiki hizo mbili nitazirudia chini, usidhani nimezisahau.

Siku ikafika. Uwanja wa shule ya misheni ulijaa watu na mbwa, chifu kwenye kiti chake, na Mulonda mstari wa mbele, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nikatoa kengele kwenye mfuko, nikaitikisa. Ko-ko-lo, ko-ko-lo.

Nyuma kabisa alikuwa Mama Tabu, jirani yake Mulonda, ameinama akifungua kamba ya mbwa wake. Hakuinua hata kichwa. "Nani iko na kengele ya Simba wangu?" akapaza sauti. "Ilipotea nikiwa shambani, minaitafuta mpaka nimechoka!" Na Simba mwenyewe, mzee wa mvi, alikuwa ameshasimamisha masikio yote mawili.

Watu wakageuka kumtazama Simba.

"Mama Tabu," nikauliza, "Simba amechanjwa mara ngapi?"

"Tatu. Leo ya ine."

"Muzee Mulonda, mbwa wako huyu iko na miezi mingapi?"

"Mine," akasema, na mara hii watu wa benchi la pili hawakumsikia.

"Na ile mwekundu, ile ya mufupa, siku uliyoileta kwa Papa Kingombe ilivaa kengele gani?"

"Ile ilikulwa na chui! Watu wote wanajua!"

"Musituni?"

"Musituni, mbali sana."

"Basi yule chui iko na adabu," nikasema. "Alimuvua kengele kwanza, akakuletea nyumbani."

Mama Tabu alikuwa ameshafika mbele. "Alipiga hodi," akamuuliza, "ao aliiacha tu mulangoni?"

Wamaza ilicheka, Papa. Chifu alijificha uso kwa kofia. Hata wanaume wawindaji, marafiki zake, walipiga mapaja. Nikawaacha wacheke mpaka waishe pumzi, kisha nikawaambia habari ya mkono wako. Kidole gani. Suruali. Kikombe cha bluu. Kicheko kikakatika kama umekimwagia maji.

Ndipo akasema yote. Aliona mbwa wake anaumwa, akajua kwamba mbwa asiye na chanjo anayetoa mate ungemfunga, labda ungemuua. Alitaka mbwa wake wa kazi. Akaingia uani kwa jirani, akavua kengele ya Simba. Kitoto alikuwa anakivalisha njiani tu, mbali na masikio ya Mama Tabu. Mwekundu alikufa siku mbili baada ya kurudi, nyuma ya jikoni, akazikwa migombani. Na pale kwenye matanga alisema lile neno ili watu watafute upande mwingine.

Hapo ningeweza kuketi. Sikuketi. Nikamuuliza swali la mwisho, polepole, kwa sauti ya kiganga uliyokuwa unatumia kwa wenye ng'ombe: "Muzee, siku ulipomuvua mbwa maiti kengele, shingo yake ilikuwa na mate. Mikono yako ilikuwa na vidonda?"

Akaitazama mikono yake. Mikono ya mwindaji: miiba, kamba, visu.

"Ugonjwa huu unaweza kulala mwilini wiki sita," nikasema, "ao miezi, ao mwaka na zaidi. Nenda hospitali leo hii. Ukiuona mwenyewe, umechelewa."

Kila neno lilikuwa kweli. Nililichagua kama mtu anavyochagua jiwe. Nikautazama uso wake ukibadilika rangi, na ilikuwa tamu, Papa, nisikudanganye, tamu kuliko asali ya msituni.

Sasa zile wiki mbili. Nilipohesabu alama pale sokoni, swali la mikono yake lilinijia siku ile ile, jioni, nikipika. Nilijua anaweza kuwa anaubeba. Nilijua hospitali iko mwendo mfupi kutoka meza yake ya nyama. Wewe ungemkimbilia na kandambili moja mguuni, ungemwambia, halafu ndipo ungemtukana. Mimi nilingoja siku kumi na nne kwa sababu nilitaka watu wawepo. Ningekuwa nimemuua kama ulivyouawa, kwa kunyamaza. Kama hilo lina hukumu, iandike, nitaikuta huko.

Hakufa. Alipigwa sindano zote, na muuguzi ameniambia kwamba ya kwanza alilia kabla haijamgusa. Amenenepa hata. Lakini mke wake ananieleza kwamba kila asubuhi anashika kikombe cha maji, anakitazama, anameza mate kwanza kujaribu koo, ndipo anakunywa. Kila asubuhi. Mimi sikumwambia afanye hivyo.

Chifu alimleta Mulonda mjini Kasongo mpaka mlangoni kwako. Ndugu zako walikuwapo wote, wamekuja kupima madirisha. Mulonda akasema yote mbele yao na mbele ya majirani wa kartie nzima. Mama Zuhura alimsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Nimesikia. Sasa rudia, jirani wa pili hakusikia." Akarudia. "Na wa tatu." Ndugu zako wakakumbuka mmoja mmoja kwamba wana kazi mahali pengine. Kesho yake wanawake walirudi kwenye meza yake ya mawese. Aliwauzia. Hakuwachekea.

Siku za chanjo Wamaza, ni Mulonda anayeshika vichwa vya mbwa. Chifu aliamua, mimi nilimnong'oneza tu. Anashika wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, na mbwa wana akili, wanamkojolea viatu. Kitoto chake kina alama moja sasa, halali yake, na pua yake, wawindaji wanasema, ni kali kuliko ya mwekundu.

Ahadi yangu ni hii. Alama naendelea kuzichoma, lakini nimefungua daftari: rangi ya mbwa, masikio, jina la mwenyewe, na sauti ya kengele. Na mkono wangu hautaingia mdomoni mwa mbwa yeyote anayetoa mate, hata akija na kengele yenye alama ishirini na barua ya gavana. Mama Zuhura hatahama. Na Mulonda sitamsamehe. Msamehe wewe kama unataka, una nafasi. Mimi nina foleni mlangoni.

Baki na amani, Papa Kingombe. Kikombe chako cha bluu nimekiweka kichwani pa kaburi, kimejaa. Maji ni ya chemchemi ya bondeni, ile uliyokuwa unaipenda, na kupanda kutoka kule na ndoo ni kazi. Kila Ijumaa anayeyaleta ni Mulonda. Sisi tunakaa pembeni, tunamtazama akimimina.

Kunywa.

Mwamini wako, wa mbuzi