Yasinta, Mnavu Si Magugu

"Kazi hizi zirudishwe nyumbani. Hao tuliowapa huko mbali ni mikono ya bei rahisi tu. Wanabofya wanachoambiwa, hata hawajui wanafanya nini."

Mpwa wangu Yasinta, hayo kayaandika bwana mmoja wa huko kwa wenye kampuni yenu, na wenzake wamempigia makofi mtandaoni. Mdogo wako Leokadia ndiye aliyenionyesha kwenye simu. Nilisoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Kisha nikatafuta jina lako nikupigie, nikusomee upuuzi huu tuucheke. Nilikuwa nimeshabonyeza ndipo nikakumbuka. Ni miezi mitatu sasa tangu figo zikushinde, na bado kila nikikasirika nasahau kuwa umekufa.

Basi nakuandikia. Alhamisi wakubwa wa kampuni wanakuja Morogoro, pale ofisini kwenu juu ya duka la pembejeo. Wanakuja kuamua kama kazi yenu ibaki, irudi kwao, au ihamishiwe nchi nyingine iliyo rahisi zaidi. Wenzako wameniomba niwasemee. Wanasema mjomba wa Yasinta hajui kunyamaza. Najua nani aliwaambia.

Hawajui wanafanya nini! Bwana huyo ningempandisha Matombo kwa miguu, mwezi wa nne, barabara ikiwa tope tupu, nimwonyeshe shamba la mama yako. Angeona mahindi, na chini ya mahindi maharage, na kati ya maharage maboga, na pembeni mnavu uliojiotea wenyewe ambao dada yangu huuzunguka kwa jembe asiuguse. Halafu ningemwambia anieleze kipi ni zao na kipi ni magugu.

Kwa maana kazi yenu ndiyo hiyo. Kampuni inatengeneza mashine ya kupalilia. Ninyi mnaletewa picha za mashamba, mnachora mstari kuzunguka kila mmea na kuuandikia jina lake, ili mashine ijifunze ing'oe nini na iache nini. Mwongozo wao ulisema mahindi ni zao, na kila kisicho mahindi ni magugu. Ninyi watoto wa wakulima mkashindwa kutii. Mkaandika mnavu mboga, maharage zao, boga zao. Kompyuta ikawarudishia picha kwa mamia, imezipaka nyekundu: kosa, kosa, kosa. Msimamizi akapiga simu kutoka Dar: "Jamani, fuateni mwongozo, mtatufukuzisha wote."

Nakukumbuka ulivyonisimulia, umekaa kwenye kibaraza changu Mlali, unamenya chungwa kwa hasira. "Mjomba, nikiandika magugu, hiyo mashine siku moja itamfyekea mama mboga."

Hukuandika. Ulipanda Matombo ukapiga picha za shamba zima. Ukampiga picha mama yako akichuma mnavu, ukaupiga ukiwa chunguni na nazi yake, ukaupiga ukiwa kwenye sahani pembeni ya ugali. Ukaandika kurasa sita ukazituma. Wahandisi wakakaa nazo wiki mbili. Waliporudi, mwongozo ulikuwa na sehemu mpya kabisa, ya mashamba ya mchanganyiko, na kurasa zako sita zilikuwa mle karibu neno kwa neno. Leo mashine ile inajua mnavu ni chakula. Imefundishwa na binti wa Matombo aliyekataa kubofya alichoambiwa. Huyo ndiye mkono wa bei rahisi!

Usicheke. Najua unachotaka kusema. Unataka kusema mimi mwenyewe niliwahi kuandika maneno yanayofanana na ya bwana huyo.

Niliandika, kweli. Ulipoipata kazi ile nilijaza safu yangu yote gazetini kuwatukana. Nilisema mashamba ya mkonge yamerudi, safari hii yana umeme na feni. Nilikuwa na sababu. Babu yako alikata mkonge upande wa Ngerengere, akiwa na kipande mfukoni, ile kadi ya kibarua, na namba juu yake, na nyapara hakuwahi kumwita kwa jina. Nimesoma vitabu vingi kuhusu watu wa namna ya babu yako, nikadhani nimeshawaelewa na ninyi.

Ulikuja kesho yake na gazeti lenyewe, umefungia nyanya. Ukasema, "Shikamoo, mjomba. Umeandika vizuri sana. Tatizo hujafika ofisini."

Nikafika. Nilitegemea kuona watu wameinama. Nikakuta mabishano kama ya sokoni. Yule Hamisi wa Kilombero, aliyekulia kwenye miwa, kila jani refu kwake lilikuwa muwa, na wewe unamwambia mbele ya wote, "Wewe Hamisi, hata kitunguu ungekiita muwa!" Naye anajibu, "Na wewe mtoto wa mlimani, hata bustani ya mkuu wa mkoa ungeichuma ukaiunga nazi." Mlicheka, kisha mkarudi kubishana juu ya mmea mmoja usiozidi kidole, mpaka mkakubaliana. Nimefundisha historia miaka ishirini na mitano, na darasa la namna hiyo sijawahi kulipata. Nilirudi Mlali nikaandika kwamba nilikosea. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kuandika, na wewe ukaikata safu hiyo ukaibandika ukutani.

Simchukii bwana wa mtandaoni. Huenda kapoteza kazi kweli, na ana watoto. Lakini amekosea mlango wa kugonga. Aliyemwachisha kazi si Yasinta. Ni yuleyule anayekuja Alhamisi kututisha sisi kwa nchi nyingine, kama alivyomtisha yeye kwa sisi. Na hapa kwetu wapo wanaosema ofisi ifungwe, kazi ya kuwafanyia wageni ni aibu. Wao nawaambia kama ulivyoniambia: hamjafika ofisini. Kazi haina aibu. Aibu ni kuifanya kazi kubwa ya akili na usiwe na jina ndani yake.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, mwanangu. Sehemu ile ya mwongozo haina jina lako. Wameandika ni maboresho ya wahandisi wao. Kwao ulikuwa namba 31. Ulipougua, namba haikuwa na matibabu. Tulipokuzika, wiki moja baadaye namba 31 alikuwa kijana mwingine. Ni kijana mzuri, simlaumu. Hakujua hata kuwa amekalia kiti cha mtu.

Sasa nikueleze ya arobaini yako. Ukoo ulikutana Matombo baada ya misa. Kama ilivyo desturi yetu, jina lako halikuachwa lilale kaburini. Mimi mjomba ndiye niliyetakiwa kulikabidhi, na nilimpa binti wa Leokadia, wa miaka sita. Tulimketisha mkekani, tukamfunika kanga yako ya kijani, na watu wakaja mmoja mmoja kumsalimia kama walivyokuwa wakikusalimia wewe. Leokadia naye akapiga goti mbele ya mtoto wake wa kumzaa: "Shikamoo, dada." Yule mtoto akatutazama wote, akainua kidevu kama wewe mtupu, akasema, "Marahaba." Mama yako alicheka huku machozi yanatiririka. Mimi nilitoka nje nikautazama mlima.

Kwetu namba hairithiwi. Jina ndilo hurithiwa, tena mbele ya watu.

Lala salama, Yasinta wa dada yangu. Umenifunza kukosea na kukiri, na mwalimu mwingine aliyeweza hilo simkumbuki. Nakuahidi Alhamisi sitatukana, ingawa nitatamani. Nitapanda ngazi zile juu ya duka la pembejeo, nimeshika kurasa zako sita na kipande cha babu yako, nitawasomea barua hii mpaka mwisho. Na mwisho wake unawahusu wao.

Ninyi wakubwa wa kampuni mnaonisikiliza, kabla hamjatamka kazi inabaki au inaondoka, fungueni mwongozo wenu kwenye sehemu ya mashamba ya mchanganyiko, muandike aliyeitunga: Yasinta wa Matombo. Kisha muwape wenzake mikataba, kila mmoja kwa jina lake, na matibabu ndani yake, kama mnavyowapa watu wenu wa huko. Mkitaka kuihamisha kazi hii, basi ihamisheni ikiwa na majina yetu juu yake, ili huko mtakakokwenda wajue nani aliwatangulia.

Kalamu hii hapa. Anzeni na Yasinta.