Dumu la Bluu

Kaka yangu mpendwa,

Juzi nilifika shule salama. Mafua yameisha, na viatu ulivyoninunulia havinibani tena. Tumeanza haidrokaboni. Mwalimu anasema petroli na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja, kaboni na hidrojeni tu. Ila petroli ina minyororo mifupi, hugeuka mvuke upesi na kudaka moto kabla hujausogeza. Mafuta ya taa yana minyororo mirefu, hayana papara.

Leo alimimina mafuta ya taa kisahanini, akasogeza kiberiti. Hayakuwaka. Akaniita mimi, mtoto wa duka la mafuta, nijaribu chupa ya mafuta ya taa niliyobeba kutoka kwetu. Kijiti hakijafika, moto ukaruka. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Haya umeyatoa wapi?"

Nikadanganya kwamba nimeazima bwenini.

Kaka, siku uliponiachia duka, pipa la mafuta ya taa lilipungua, nikaongezea kwa dumu la bluu. Kwa mafua yale sikusikia harufu yoyote. Sikukuambia. Lile dumu lilikuwa la petroli ya pikipiki yako?

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa dereva wa lori barua hii. Usimuuzie mtu hata tone. Mkimbilie shangazi, kama keshachukua chupa yake.

Nisamehe, woga ndio umenifanya nianze na viatu.

Mdogo wako,
Profesa

Kama unaisoma hii kwa taa, izime kwanza.