Bata wa Mwalimu Mwamini

Baba Dotto,

Nimekwenda Mwandiga kununua mchele wa arobaini ya mama. Maharage yako jikoni, yaangalie yasiungue. ~~Yule bata wake mchinje kabla wageni hawajafika.~~ Hapana, bata asiguswe!

Asubuhi alitoroka bandani, nikamfuata mbio mpaka chekechea. Unakumbuka alivyokuwa akimtangulia mama kuingia darasani kila siku? Basi leo kaingia peke yake, anatikisa mkia, na watoto kwa mazoea wakasimama wote: “Shikamoo, Mwalimu Mwamini!” Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Wageni watakula samaki, migebuka. Na wewe usininunie, mpenda nyama we.

Kesho mfungulie banda mapema, asichelewe darasani.

Mama Dotto