Goti la Mtani

Masasi, 11 Juni 2024

Shikamoo Mama. Mgongo unaendeleaje? Huku si kwema. Tumbo la kaka Faruku limekaza, hataki hata shuka limguse. Hapa hospitali kawaambia ana vidonda vya tumbo vya zamani. Daktari kauliza mara mbili kama alianguka au alipigwa, kaka anakataa. Daktari angejua kaumia, angempeleka Mtwara leo leo kwenye kipimo cha CT, kinachoonyesha palipochanika ndani. Mama, kuna kitu hamjaniambia?
Mwanao, Zena

Kitangari, 12 Juni

Marahaba mwanangu. Mgongo nimeuzoea. Hakuna kitu. Kaka yako tangu mdogo ni mtu wa tumbo. Usimchoshe kwa maswali.
Mama yako

Masasi, 12 Juni, jioni

Mama, katapika, presha inashuka. Bega la kushoto linamuuma na hajabeba chochote. Daktari kusikia hilo la bega akaniambia, "Dada, huyu kaumia. Semeni." Nakupigia magoti, Mama.
Mwanao, Zena

Kitangari, 13 Juni, alfajiri

Mwanangu, ni Mussa, mtani wetu. Tulipomzika baba yako mdogo Jumamosi, alimrukia Faruku kumfunga kamba mpaka atoe hela, kama watani wafanyavyo msibani, wakaanguka, goti lake likamwingia Faruku ubavuni kushoto. Utani tu. Tulicheka wote, na mimi nilicheka. Hospitali wakisikia kapigwa wanataka fomu ya polisi. Mtani unamshitakije, tena wa msibani? Mwambie daktari. Sasa hivi.
Mama yako

Mtwara, 13 Juni, saa tisa mchana

Shikamoo Mama. Katoka kwenye CT. Wengu limepasuka, lile la chini ya mbavu za kushoto, na tumbo limejaa damu. Wanampasua sasa. Nimemtolea damu. Kaka alisema, "Mama asiseme," nikamwambia umeshasema. Akanishika mkono. Muombee, Mama, naogopa sana.
Mwanao, Zena

Kitangari, 14 Juni

Zena mwanangu, pole. Mjomba wako kanifikia kabla sijapokea simu yako. Nilimwona anavyotembea, nikajua. Mleteni. Kaburi Mussa kalichimba peke yake, hakuna aliyemwita. Watu wanamngoja aanze utani kama ilivyo desturi, naye kakaa kwenye udongo analia, anasema kamuua mwenzake. Sijamwendea. Nikimwendea itabidi nimwambie kwamba uliniuliza mapema, Faruku bado anaongea, nami nikakujibu hakuna kitu.
Mama yenu