Shemeji Anataka Nimwonyeshe Ndovu

Mpendwa mshauri, salaam aleikum, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijavunjika. Kazi yangu ilikuwa kufuata nyayo za ndovu mbele ya wazungu wawindaji, na tangu serikali ipige marufuku uwindaji mwaka jana, 1977, kambi imefungwa na tumerudi Isiolo mikono mitupu, mimi, mpishi, mchuna ngozi na shemeji yangu Yattani aliyekuwa dereva wa lori la kambi, lakini miguu yangu haikuisikia hiyo sheria, kila alfajiri inanipeleka mto Ewaso Nyiro kufuata nyayo bure tu, na huko, mshauri, nimeona jambo ambalo miaka yote ya bunduki sikuliona kwa sababu tulikuwa tukifika, tunapiga, tunaondoka. Mto umekauka, na ndovu jike mkubwa anachimba mchanga mpaka maji yanatoka, anangoja yatulie, anawaachia wadogo wanywe, na wakiondoka ng'ombe wetu wanakunywa shimo lile lile, nikasema Subhanallah, kumbe hawa ndio wanaotuchimbia visima! Siku moja askari wa wanyama wakanikamata wakidhani mimi jangili, lakini mkubwa wao alipoona sina hata kisu akacheka, akaniambia nianze kazi ya uaskari mwezi ujao. Sasa Yattani anasema, "Wewe Dadacha, nionyeshe tu penye wanakunywa, bunduki iko. Hii sheria italisha watoto ya dada yangu?" na mke wangu Kabale analia, hataki kupoteza kaka wala mume. Nifanye nini?

Dadacha, Isiolo

Dadacha, pole. Sheria hii imewanyang'anya nyote kazi, lakini si sawasawa. Mpishi atawapikia wageni wa kamera. Mchuna ngozi ana machinjio ya mjini. Yattani ana leseni, na mbuzi wa Merti hawajifikishi sokoni wenyewe. Wewe ndiye usiyekuwa na pa kwenda, na sasa umefunguliwa mlango, halafu unasimama nje unaniandikia mimi! Mwanamume mzima!

Hayo ya mtoni yamenifanya niiweke barua yako chini. Nimekunywa maji ya mto ule utotoni na sikujua nimshukuru nani.

Chukua kazi. Kabla hujavaa sare, mwite Yattani kwako, Kabale akiwepo, umwambie kwa mdomo wako kwamba humwonyeshi kitu. Msaidie kutafuta lori. Na lile uliloogopa kuniuliza nalijibu pia: ndiyo, akiingia kule na bunduki utamkamata. Mwambie sasa, angali shemeji anayekunywa chai kwako, ajue ni nani atakayezifuata nyayo zake.